Jamani, kukaba koki sio kupunguza presha ya maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, na naomba usinikatie sana maana jambo lenyewe limenichukua karibu mwaka mzima kulielewa, na kila nikikaa kijiweni hapa Kigoma nakuta watu bado wanalielewa kinyume kama nilivyokuwa mimi.

Nina kagesti kadogo ka vyumba 6 huku chini upande wa ziwani, sio mbali na stesheni. Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara, wanasubiri treni ya kwenda Tabora na Dar au boti ya kuvuka kwenda Congo au Burundi. Huku kwetu maji yana nguvu sio mchezo, ukifungua bomba la uani bila kushika ndoo, ndoo inapinduka. Miaka yote nilikuwa najisifia hilo. Dada yangu mkubwa yuko juu kule Mwanga, mlimani hapa hapa Kigoma, yeye maji yanamfikia usiku wa manane, yanatoka membamba kama uzi wa cherehani, na kila akipiga simu ananiambia mdogo wangu wewe unakaa peponi.

Basi pepo yenyewe ikanitokea puani. Usiku mmoja, kama saa nane hivi, nasikia mlango unagongwa, ni mama mmoja mgeni wa chumba namba 4 anaita baba mwenye nyumba njoo kuna mvua huku ndani. Nikadhani anaota. Kufika, maji yameshafika kwenye korido. Ule mpira mfupi wenye waya wa kusukwa, unaounganisha ukuta na tanki la choo, umechomoka shingoni, na maji yanapiga ukuta wa pili wa bafu yanarudi chumbani. Mama wa watu ana viroba viwili vya dagaa wakavu kavilaza chini pembeni ya kitanda. Mhariri, kama hujawahi kunusa dagaa wakavu walioloa kwenye chumba kilichofungwa, mshukuru Mungu. Kiroba kimoja kililoa nusu, kingine chote, nikamlipa kile kilichoharibika kabisa, godoro nikatupa, na yule mama akaondoka asubuhi na treni akiwa na hasira mpaka akasahau kile kingine uani nilikokuwa nimemuanikia.

Hiyo ilikuwa ya tatu. Kabla yake zilishapasuka koki mbili za sinki, na floti ya simtanki, ile koki yenye boya inayojifunga tanki likijaa, ilishakatika mara sijui ngapi, nikawa nalaumu vifaa vya siku hizi, kwamba ni feki. Na kweli vingine ni feki. Ila ukijiuliza, jirani yangu naye vinapasuka, wa nyuma yake naye hivyo hivyo, na dada kule juu anatumia mpira wa aina hiyo hiyo kanunua duka hilo hilo una miaka sita haujatoa hata tone.

Nikaita fundi. Fundi akaja, akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari, akaenda pale kwenye mita akazungusha geti valvu, ile koki kuu ya kuzungusha, akaikaba mpaka ikabaki kama robo. Akafungua bomba la uani, kweli maji yakatoka kwa adabu. Akaniambia mzee presha nimeshakupunguzia, nipe ya soda. Nikampa na ya chakula juu. Baada ya wiki mbili mpira wa chumba namba 2 ukachomoka, usiku vile vile.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu yote. Kwa nini usiku? Kwa nini vipasuke wakati hakuna hata mtu mmoja anayetumia maji?

Kuna kijana wetu mmoja anafunga pampu za maji vijijini huko Kasulu na Buhigwe, alikuwa amelala kwangu siku moja, nikamsimulia. Akacheka halafu akatoa kwenye begi kitu kama saa ya mshale, geji ya presha, akaifunga kwenye bomba la uani akaniambia baba usiku ukiamka kwenda haja ndogo ipitie. Mchana saa saba ilikuwa inasoma kama 4 hivi, inachezacheza. Saa nane usiku nikatoka na tochi ya simu, gesti nzima kimya, nikaimulika, nikakuta mshale umegota kwenye 8 na nusu na umetulia kabisa. Na geti valvu ilikuwa imekabwa vile vile robo, sijaigusa.

Mafundi wanapima presha kwa baa (sio baa ya bia, ingawa hii nayo inaweza kukumalizia hela vilevile). Hesabu yake ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Kila mita 10 za kimo cha maji ni karibu baa 1. Tanki likiwa juu yako kwa mita 85, maji yakitulia kwenye bomba wewe huku chini unapata karibu baa 8 na nusu, basi, wala haijalishi tanki ni kubwa kama uwanja wa Lake Tanganyika au ni simtanki la lita elfu moja, wala haijalishi bomba ni nene au jembamba. Ni kimo tu. Ziwa letu hili lina kina cha karibu mita 1,470, kwa hiyo kule chini kabisa ni karibu baa 147. Mimi nilikuwa naishi kwenye presha ya mtu aliyezamishwa mita 85 ziwani, halafu najisifia. Na ukitazama mji wetu ulivyokaa, barabara ya Lumumba inavyopanda kutoka stesheni kwenda Mwanga hata bodaboda inalia, utaona kabisa kwamba bomba moja likishuka kilima hiki wa juu na wa chini hawawezi kupata maji yanayofanana.

Sasa ile koki iliyokabwa inafanya nini? Inafanya kazi pale tu maji yanapotembea. Maji yakitembea yanabanwa pale penye upenyo mdogo yanapoteza nguvu, ndio maana mchana nikifungua bomba naona mtiririko mzuri. Lakini usiku koki zote zikifungwa maji yanasimama, na maji yaliyosimama hayapotezi kitu popote, kwa hiyo presha inapita kwenye kale kaupenyo mpaka ndani ya nyumba inakuwa sawa na ya nje. Ni kama geti la stesheni siku ya treni. Likifunguliwa nusu watu wanapita mmoja mmoja kwa ustaarabu, lakini milango ya behewa ikiwa imefungwa, subiri kidogo tu, umati ule ule wote utakuwa umeshahamia mlangoni unasukuma. Yule kijana alinionyesha mchana kweupe, akafunga koki zote za ndani tukakaa tunaangalia geji, mshale ukawa unapanda taratibuuu, kila ukisogea ananitazama usoni, mpaka ukasimama juu kabisa kwenye presha ya bomba la barabarani. Nikaikumbuka ile hela ya soda.

Dawa yake ni kitu kinaitwa valvu ya kupunguza presha, mafundi wanaiita tu pi-ar-vi. Nilipoishika mara ya kwanza nilisikitika, yaani kadude ka shaba kanenepa tumboni kanakaa kiganjani, na bei yake haifiki hata bei ya lile godoro nililotupa. Ndani yake kuna springi na kiwambo cha mpira. Springi inasukuma mlango ufunguke, maji yaliyokwishapita upande wa nyumbani yanakisukuma kile kiwambo ili mlango ufunge. Wanavutana hivyo muda wote. Ukifungua koki, presha ya ndani inashuka, springi inashinda, mlango unafunguka maji yanaingia. Ukifunga koki, presha ya ndani inapanda mpaka inaishinda springi na mlango unajibana kabisa, hata nje kukiwa na baa 8 au 10 ndani inabaki ile uliyoiweka. Yaani kale kadude kanasikiliza upande wa ndani, geti valvu haisikilizi mtu. Juu yake kuna skrubu, ukiikaza unaongeza presha ya ndani, ukiilegeza unapunguza, na unafanya hivyo ukiwa unaangalia geji, sio kwa kusikilizia kwa sikio kama redio.

Mimi nimeweka baa 3. Nyumba ya kawaida baa 2 mpaka 4 inatosha kuoga na kufua na kila kitu. Kule Marekani kanuni zao za ufundi bomba zinasema presha ikizidi 80 kwa kipimo chao, ambayo ni kama baa 5 na nusu, lazima ufunge hii kitu, sio hiari. Sisi tuna nyumba zinakula baa 8 kila usiku na tunashangaa kwa nini koki hazidumu.

Kuna watu wataniambia bomba langu jeusi limeandikwa PN 10, kwa hiyo linabeba baa 10, shida iko wapi. Shida ni kwamba hiyo ni namba ya bomba, sio ya ule mpira wa choo wala floti ya plastiki wala koki ya sinki. Halafu kuna kile kishindo cha maji, ukifunga koki ghafla unasikia DUU ukutani. Kwenye bomba la chuma, maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla kabisa yanaweza kuongeza baa 10 na zaidi kwa muda wa kupepesa jicho, juu ya ile presha iliyopo. Bomba la plastiki linapunguza makali kwa sababu linatanuka kidogo, lakini nalo linachoka. Zile koki za mkono mmoja zinazofunga kwa robo mzunguko ndio wachawi wenyewe, fungeni polepole jamani.

Na kuna bili. Hapa wenzangu wenye nyumba za kupanga wafungue masikio. Tundu la upana wa milimita 3 tu, yaani nene kidogo kuliko njiti ya kiberiti, kwenye presha ya baa 9 linamwaga karibu lita 640 kwa saa, hayo ni madumu 32 ya lita ishirini, kila saa, umelala. Tundu hilo hilo kwenye baa 3 linamwaga kama lita 370. Bado ni hasara, ila ukizidisha kwa saa 24, la kwanza ni uniti 15 kwa siku (uniti moja ni lita 1,000) na la pili ni kama 9. Na hiyo ni kwa tundu lisilobadilika. Ufa kwenye bomba la plastiki unatanuka presha ikipanda, kwa hiyo tofauti inakuwa kubwa zaidi. Sasa lifikirie hilo kwa mji mzima usiku wakati watu wamelala na presha ndio iko juu kabisa, nyufa zote za huku chini zinacheua, halafu dada yangu Mwanga anakaa macho mpaka saa tisa anasubiri ndoo mbili.

Hilo ndilo lililonigusa zaidi kwa kweli. Nilikuwa nadhani mimi nina shida yangu na dada ana shida yake. Nilipomweleza akaniambia, "Kwa hiyo nguvu inayokupasulia mabomba huko ndio inayoninyima mimi huku?" Nikamwambia dada sio yote, ila sehemu ni hiyo, maji yanayomwagika bure huku bondeni ni maji ambayo yangeweza kubaki kwenye tanki yakakufikia wewe. Akanyamaza kidogo akasema, "Basi hiyo valvu ninunulie na mimi."

Hapo nikamkatalia, na naomba nikazie kwa sababu kuna mtu ameshatapeliwa. Jirani yake dada aliuziwa valvu hii dukani, akaambiwa inarekebisha presha, naye akaelewa kurekebisha ni kuongeza. Akaifunga. Hata ule uzi wa cherehani ukakatika. Hii kitu haiongezi presha hata chembe, inajua kupunguza tu, na yenyewe kupitisha maji kunakula presha kidogo. Aliye juu mlimani anahitaji tanki lililo juu zaidi yake au pampu, au simtanki la kukingia yakija. Muuza duka ukimuuliza swali akaanza kukusifia rangi ya bidhaa, ondoka.

Dada akaniuliza tena swali ambalo mimi sikuwa nimeliwaza, kwa nini kila mtu ajinunulie kadude kake, si ingefungwa moja kubwa pale maji yanapoanza kushuka? Nikampelekea yule kijana swali kwa simu, akasema mpe dada shikamoo yangu, mwambie ana akili ya injinia. Zipo kubwa za kufungwa kwenye bomba kuu, zinaendeshwa na kavalvu kengine kadogo pembeni kanakopima na kuamuru, na miji ya milimani inatakiwa igawanywe kwa vimo, watu wa juu bomba lao, watu wa chini bomba lao lenye presha iliyopunguzwa, na nyingine zinaweza kuwekewa presha ya mchana na presha ya usiku tofauti. Kwenye miradi ya mserereko vijijini, ile ambayo maji yanashuka yenyewe bila pampu, wanatumia njia ya kizamani lakini inafanya kazi, tanki la kuvunja presha, yaani katikati ya mteremko maji yanamwagwa kwenye katanki kalikowazi juu, presha inakuwa sifuri, halafu yanaanza safari upya. Kasoro yake floti ikikwama maji yanamwagika porini usiku kucha na ng'ombe wanafurahi.

Nirudi kwenye ya kwangu, maana fundi wa pili naye alinipa somo. Aliifunga kwa kuigeuza. Ina mshale ubavuni unaoonyesha maji yaende wapi, yeye hakuutazama, na aliifunga bila chujio mbele yake. Tukafungua tukafunga upya baada ya mita, upande wangu, geti valvu moja mbele na moja nyuma ili siku ya matengenezo nisifunge mtaa mzima, chujio likatangulia, na geji nikaiacha palepale ya kudumu. Hilo chujio msilidharau. Maji yakikatika siku mbili yakirudi yanakuja na kutu na mchanga, na kachembe kamoja ka mchanga kakikaa pale mlango unapokalia, mlango haufungi vizuri, usiku presha inavuja kidogo kidogo mpaka unarudi kule kule kwenye 8 na nusu na wewe unajua una valvu. Kwa hiyo chungulia geji usiku mara moja moja, koki zote zikiwa zimefungwa. Ikiwa inapanda ovyo, safisha, isiposaidia kile kiwambo cha mpira kitakuwa kimechanika au mlango umelika. Na mwenye hita ya umeme ahakikishe hita ina valvu yake ya usalama inayofanya kazi, maana maji yakipashwa yanatanuka na hii pi-ar-vi nyingi haziruhusu yarudi barabarani.

Ombi langu kwa wanaohusika na maji kwenye miji yetu yenye vilima, sio Kigoma tu, ni dogo. Mtu anapoomba kuunganishiwa maji, zile fomu zina jina, namba ya kiwanja, namba ya simu, mpaka mjumbe wa mtaa. Waongeze mstari mmoja tu, presha ya eneo lako usiku ni baa ngapi. Mwenye namba kubwa aambiwe afunge valvu kabla ya mpira wa kwanza kupasuka, mwenye namba ndogo aambiwe ajiandae na tanki. Namba hiyo fundi anaipata kwa geji na dakika kumi. Na mafundi wenzetu wa mtaani, nawapenda na kazi nawapa bado, lakini acheni kumkabia mtu koki halafu mkamwambia mmempunguzia presha.

Yule fundi wa kwanza nilikutana naye juzi Kibirizi, nikamweleza yote haya, akaniambia mzee mbona siku ile maji yalitoka vizuri. Nikamwambia njoo saa nane usiku. Hajaja.

Na yule mama wa chumba namba 4, kama gazeti hili linakufikia huko Tabora au Dar, kiroba chako cha pili kilikauka vizuri kabisa. Kiko juu ya dari, panya hawajakigusa.

Ni mimi mwenye gesti,
Kigoma.